Sukari Ikae Pembeni: Chokoleti ya Nyumbani na Peremende za Kijapani

Hotuba kwa waokaji wa keki na vitindamlo wa majumbani, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu wengine, habari za asubuhi. Waandaaji nawashukuru kwa mwaliko, ingawa nilipoona kwenye ratiba mada yangu imeandikwa "Chokoleti na Pipi" nikadhani nimepangiwa watoto wa chekechea. Kumbe ni nyinyi, watu mnaooka keki za harusi usiku kucha na kesho yake mnazifikisha ukumbini zikiwa zimesimama wima katika joto hili. Sitathubutu kuwafundisha kuoka. Nimekuja na swali moja tu: umetengeneza kitindamlo cha chokoleti jikoni kwako, na mkononi una peremende za sukari za Kijapani. Utaviwekaje sahani moja bila mlaji kukinai kabla hajafika nusu?

Jibu langu nalitoa mapema, ili anayetaka kusinzia asinzie kwa amani. Itoe sukari kwenye chokoleti kadiri unavyoweza, kisha irudishe pembeni kwa umbo la peremende. Chokoleti ibaki chungu, nzito, ya kuganda kwenye ulimi; utamu ubebwe na kile kipunje kilicho kando. Mlaji mwenyewe avikutanishe mdomoni kwa kiasi anachokitaka. Sisi tumezoea kinyume: keki ya chokoleti yenye sukari, juu yake krimu ya siagi yenye sukari, na juu ya krimu pipi za rangi. Mgeni anakula vijiko viwili, anasema "mashallah, tamu sana", halafu anaomba maji. Jamani, ile si sifa. Ni adabu tu ya mtu aliyeshindwa.

Na jambo lenyewe si geni kwetu hata kidogo. Kahawa chungu ya dele haitiwi sukari. Muuzaji anakupa kashata, au ukiwa Unguja kipande cha halua, unatafuna, unapiga funda, na kila kimoja kinamtengeneza mwenzake. Katika hafla ya chai ya Kijapani mambo ni hayohayo: mgeni hula kitamu kwanza, kisha ndipo huletewa bakuli la matcha, chai ya kijani ya unga, chungu, isiyo na sukari wala maziwa. Peremende ninazozizungumzia leo zimekaa mamia ya miaka kando ya bakuli lile. Ukizipeleka kando ya keki tamu unazinyang'anya kazi.

Ziko aina nyingi, lakini nitashika mbili, konpeito na wasanbon, halafu nitagusa ya tatu ambayo mnaweza kuipika wenyewe.

Konpeito ni kipunje kigumu cha sukari, ukubwa wa mbaazi au chini yake, chenye vinundu mwili mzima. Kuna nyeupe, na kuna za rangi za kufifia: waridi, manjano, kijani, buluu. Asili yake ni Ureno, na ilifika Japani kwa njia ambayo watu wa pwani hii tunaijua vizuri, kwa sababu ilipita mlangoni kwetu: Lisbon, Msumbiji, Goa, Malaka, Makau, hadi Japani. Mwaka 1569 padri Mjesuiti aitwaye Luís Fróis alikwenda Kyoto kutafuta kibali cha kuhubiri kwa Oda Nobunaga, bwana wa vita aliyekuwa njiani kuishika Japani yote. Miongoni mwa zawadi alizompelekea ilikuwamo chupa ya kioo iliyojaa konpeito. Miaka 24 baadaye, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Kwa hiyo Wajapani walipata peremende, sisi tukapata ngome. Kila mtu na bahati yake.

Na kabla sijamwacha Nobunaga. Mwaka 1581 alifikishwa mbele yake Mwafrika mmoja aliyekuja Japani pamoja na padri Alessandro Valignano. Wajapani walimwita Yasuke. Nobunaga alimpenda, akamweka karibu naye na kumpa upanga. Maandishi ya Kijesuiti ya mwaka 1627 yanasema mtu huyo alitoka Msumbiji. Nalitaja hili kwa sababu mara nyingi mtu akisikia "Kijapani" anadhani tunazungumzia sayari nyingine, ilhali merikebu zilizopeleka sukari ile zilipeleka na watu wa upande huu.

Sukari yenyewe wakati ule Japani ilikuwa adimu kiasi ambacho sisi wa leo, wenye mfuko wa kilo mbili kabatini, hatuwezi kukihisi. Katika karne ya 8 sukari iliandikwa katika orodha ya dawa zilizotolewa kwa hekalu la Todaiji, mjini Nara. Sasa fikirini mtawala anapewa chupa nzima ya dawa hiyo, iliyogeuzwa vipunje vyenye vinundu, ndani ya kioo ambacho nacho ni kitu cha ajabu. Hata leo familia ya kifalme ya Japani, ikiwa na shughuli kubwa, huwapa wageni kijikopo kidogo cha fedha au kauri chenye konpeito ndani.

Sasa namna inavyotengenezwa, maana hapa mafundi mtafurahi. Kuna sufuria kubwa bapa, imeinamishwa, inazunguka juu ya moto. Ndani yake fundi anatia punje za kuanzia. Zamani zilikuwa mbegu ndogondogo kama ufuta. Siku hizi mara nyingi ni chembe za sukari yenyewe. Ryokujuan Shimizu, duka la Kyoto lililoanzishwa mwaka 1847, linaanzia na chembe za mchele wa kunata uliosagwa. Anamwaga shira kidogo, punje zinabingirika, shira inakauka, anamwaga tena. Anafanya hivyo kutwa, kesho tena, na keshokutwa, kwa wiki mbili na zaidi, mpaka kipunje kifike saizi yake. Vinundu havitokani na kalibu yoyote. Vinaota vyenyewe katika kule kubingirika. Mwanafizikia Terada Torahiko, aliyefariki mwaka 1935, alikaa akijiuliza kwa nini sukari isijipange sawasawa pande zote ikawa gololi, na wanasayansi waliomfuata wameendelea kulitafuna swali lile. Fundi, kwa upande wake, anategemea masikio: mlio wa punje zinapoteremka kwenye chuma unamwambia kama shira imekauka au bado.

Kwa hiyo konpeito ni sukari karibu tupu, tabaka juu ya tabaka, ngumu. Huwezi kuiharakisha mdomoni. Ama uimung'unye ama uitafune kwa kelele. Likumbukeni hili la ugumu, tutalirudia tukifika kwenye sahani.

Wasanbon ni jambo jingine kabisa. Kwanza ni jina la sukari, pili ni peremende inayofinyangwa kwa sukari hiyo. Inatoka kisiwa cha Shikoku, katika mikoa ya Tokushima na Kagawa, kwenye miwa myembamba isiyofanana na ile minene tunayoiona Kilombero au Mtibwa. Serikali ya shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Yoshimune, aliyetawala kuanzia 1716 hadi 1745, ilihimiza kilimo cha miwa kwa sababu nchi ilikuwa inapoteza fedha nyingi kununua sukari ya nje. Shikoku wakalipokea na kulifanya ufundi wao.

Miwa inavunwa mwishoni mwa mwaka na kazi inafanyika wakati wa baridi. Juisi inachemshwa, povu linaenguliwa, inaachwa igande kuwa uji mzito wa rangi ya kahawia, ndugu wa sukari guru. Halafu uji ule unafungwa kwenye kitambaa na kuwekwa ndani ya mkandamizo wa mbao wenye mti mrefu ulioning'inizwa mawe mwishoni. Maji meusi ya sukari yanachuruzika taratibu. Kilichobaki kinatolewa, kinanyunyiziwa maji kidogo, kinakandwa kwa mikono juu ya meza, kinarudishwa kwenye mkandamizo. Wanakanda na kukandamiza hivyo mara kadhaa mpaka sukari ya kahawia ibadilike kuwa unga laini wa rangi ya pembe ya ndovu. Haiwi nyeupe pe, na ndiyo raha yake: harufu kidogo ya muwa inabaki, na ladha iliyo karibu na asali. Katika karne ya 19 sukari rahisi ya kutoka nje ilipofurika Japani, wengi waliacha kazi hiyo. Familia chache zimeendelea nayo, na bei yake mtaiona mkiiagiza.

Peremende yake inafanywa kwa kulowesha unga ule kidogo sana, kuushindilia ndani ya kalibu iliyochongwa kwa mti wa cheri wa milimani, kuugonga utoke, na kuuacha ukauke. Majira yakiwa ya kuchipua kwa maua watakupa ua la cheri. Vuli ikiingia, jani la mmepo (maple). Ukiiweka ulimini inayeyuka kabla hujaamua kama uitafune. Chembe zake ni ndogo mno. Konpeito inakaa, wasanbon inapita.

Haya, chokoleti. Nayo iliingia Japani kwa mlango wa Nagasaki, ila safari hii mikononi mwa Waholanzi, ambao wakati ule ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara, wakifungiwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima. Katika kumbukumbu za mtaa wa Maruyama za mwaka 1797 imo orodha ya zawadi ambazo mwanamke mmoja alipewa na Mholanzi, na humo mmeandikwa vipande sita vya chokoleti. Nagasaki ndiko pia magunia ya sukari yalikokuwa yakiteremshwa, yakasambazwa kwa barabara hadi Kokura. Mwaka 2020 serikali ya Japani iliitangaza barabara hiyo ya sukari kuwa urithi wa taifa. Bandari ni moja, vitu viwili, na bado ilichukua muda mrefu mpaka vikakutana kwenye desturi za watu.

Vilipokutana, vilikutana kibiashara. Mnajua Japani tarehe 14 Februari wanawake ndio wanaowapa wanaume chokoleti. Wenye viwanda vya chokoleti walikuwa wakichuma, wenye viwanda vya peremende wakiangalia tu. Mwaka 1978 umoja wa kitaifa wa watengenezaji peremende ukaamua kuwe na siku ya kurudisha zawadi, mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Machi, na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1980. Wakaiita Siku Nyeupe, kwa ajili ya weupe wa sukari. Chokoleti mwezi wa pili, sukari mwezi wa tatu! Siku hizi wanaume wanarudisha biskuti, keki, hata pochi, lakini mwanzo wake ulikuwa huo. Mimi nimepunguza tu umbali kutoka mwezi mmoja hadi sentimita tatu za sahani.

Kitindamlo ninachokipendekeza ni kile ambacho Wajapani wanakiita nama choko, chokoleti laini iliyochanganywa na krimu, inayokatwa vipande vya mraba na kunyunyiziwa unga wa kakao. Duka la Sils Maria katika mji wa Hiratsuka ndilo linalotajwa kuwa chimbuko lake, mwaka 1988. Sasa Japani ina hata kanuni: chokoleti haiitwi hivyo mpaka iwe na krimu angalau asilimia 10 na maji angalau asilimia 10. Nyumbani haihitaji oveni, na mama mwenye jiko la gesi la mtungi mdogo anaiweza.

Gramu 200 za chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 70. Mililita 100 za krimu nzito, hata ile ya boksi. Gramu 20 za siagi. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Katakata chokoleti ndogondogo uitie kwenye bakuli. Pasha krimu mpaka ianze kutoa vijipovu pembeni mwa sufuria, isichemke kwa kelele, uimimine juu ya chokoleti. Subiri dakika moja au mbili bila kugusa. Kisha koroga ukianzia katikati, duara ndogo, ukipanua taratibu mpaka ing'ae. Tia siagi na chumvi. Mimina kwenye trei uliyoitandika karatasi ya kuokea, iweke kwenye friji saa kadhaa, bora usiku mzima. Kata kwa kisu ulichokichovya maji ya moto na kukipangusa kila unapokata. Mafuta yakijitenga ukaona mchanganyiko umekatika, usiumwage: ongeza kijiko kidogo cha maziwa ya uvuguvugu, koroga polepole, utarudi.

Mmeona sijataja sukari. Chokoleti ya asilimia 70 tayari karibu theluthi yake ni sukari, msiniongezee hata kijiko. Na anayeweza kupata ya asilimia 80 aitumie, kwa sharti peremende iwe tayari kando.

Dada mmoja hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza kama tui linaweza kuchukua nafasi ya krimu. Linaweza, tui la kwanza, zito, lisiloongezwa maji. Ila nazi ina sauti. Kwa konpeito itakwenda vizuri sana. Wasanbon itamezwa, hutasikia ile harufu ya muwa, na kwa bei ile ni dhambi.

Kakao nayo ichagueni. Mkienda Kyela mtaikuta, na bonde la Kilombero pia. Kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoko Mbingu, hununua mbegu mbichi kwa wakulima wa huko na kuzichachusha yenyewe. Kampuni ya Dandelion Chocolate ya San Francisco imetengeneza chokoleti kwa kakao hiyo, na tangu 2016 kampuni hiyo ina duka na karakana mtaa wa Kuramae, Tokyo. Yaani kakao ya Morogoro imeshatangulia Japani kuliko wengi wetu humu ndani. Ladha yake ina ukali wa matunda, uchachu kidogo, na uchachu ule ukikutana na sukari safi unachangamka. Chokoleti ya kawaida ya dukani, yenye vanila nyingi na maziwa, haina kitu cha kujibizana na peremende.

Sasa mpangilio wa kula, na hapa nina msimamo ambao baadhi yenu mtaukataa. Wasanbon iliwe kabla ya chokoleti. Konpeito iliwe baada yake.

Sababu yangu ni hii. Ulimi ukikaa na sukari unaizoea, na kinacholetwa baada ya hapo kinaonekana kina utamu mdogo kuliko kilivyo. Ndiyo maana chungwa baada ya halua linakuwa kali. Wasanbon inayeyuka upesi, inaacha utamu mwembamba na harufu, halafu inakuja chokoleti chungu: uchungu wake, moshi wake, matunda yake, vyote vinasikika wazi. Ukigeuza, ukala chokoleti kwanza, mafuta ya kakao yanautandaza ulimi, na wasanbon inateleza juu ya mafuta yale bila kusikika. Umetupa hela.

Konpeito haina unyonge huo. Ni ngumu, inadai meno, na inaleta mate. Wajapani hutia konpeito au vipande vya sukari kwenye makopo ya biskuti kavu za dharura, zile za kuhifadhi kwa ajili ya matetemeko, kwa sababu mtu akimung'unya sukari mate yanatoka na biskuti kavu inamezeka. Mate hayohayo yanausafisha ulimi uliojaa siagi na krimu. Kula kipande cha chokoleti, kiache kiishe, kisha tafuna konpeito mbili. Utajikuta unarudi kwenye sahani. Na pale kwenye kurudi ndipo mteja anapoagiza tena.

Wako wanaopenda kuzibandika konpeito juu ya chokoleti kama pambo. Picha inapendeza, nakubali, na mtandaoni zinapata sifa. Lakini chokoleti laini ina maji. Baada ya saa chache kwenye friji vinundu vimeanza kuyeyuka, rangi imechuruzika, na juu ya keki yako kuna machozi ya waridi. Wasanbon ndiyo mbaya zaidi, inabomoka kabisa. Weka wakati wa kuandaa meza, si kabla. Na kama ni lazima iwe ndani, kwa sababu unataka mlio wa kutafuna katikati ya kitu laini, chovya konpeito kwanza kwenye siagi ya kakao au chokoleti iliyoyeyushwa, iache ikauke, ndipo uitumie. Mafuta yanayazuia maji.

Hali ya hewa yetu ni kesi ya pekee. Sukari huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika karibu asilimia 85, na Dar es Salaam wakati wa masika alfajiri nyingi tunafika huko. Konpeito ikiwa kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana inakaa muda mrefu sana, haiozi. Adui wake ni kifuniko kilichoachwa wazi. Msiiweke kwenye friji: ukiitoa, mvuke unaganda juu yake na asubuhi utakuta bonge moja. Chokoleti nayo ina shida ya upande wa pili, maana siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 34, joto ambalo jiko langu mchana wa Februari linalifikia bila msaada wa moto. Kwa hiyo chokoleti ikae friji, peremende ikae kabatini, vikutane mezani. Chokoleti itolewe dakika tano au kumi kabla ya kuliwa, kwa kuwa ikiwa baridi sana ulimi hausikii ladha.

Najua mnachojiuliza: tunazipata wapi? Konpeito inaagizwa mtandaoni, au mnamtuma mtu anayetoka Japani. Ni nyepesi na haivunjiki. Msome lebo, ama mwombe mtu awasomee, kwa sababu ziko zinazotiwa sake, pombe ya mchele, au brandi, na nyumba nyingi hapa hazitaki hilo. Ya kawaida ni sukari, rangi na ladha ya matunda.

Asiyeipata aipike ile ya tatu, kohakuto. Hiyo ni ya aga-aga, ileile mnayotengenezea faluda na jeli. Gramu 4 za unga wake, mililita 200 za maji, chemsha ukikoroga mpaka iyeyuke yote, kisha tia gramu 300 za sukari. Endelea kupika moto mdogo mpaka ukiinua mwiko shira ivutike uzi. Mimina kwenye trei, tia rangi matone mawili matatu, acha igande. Imege kwa mikono vipande visivyolingana, vipange kwenye karatasi na uviache vikauke siku kadhaa, ukivigeuza. Nje inajitengenezea ganda jembamba la sukari, ndani inabaki laini. Katika unyevu wetu ganda linakataa kujitengeneza; mwenye chumba chenye kiyoyozi avikaushie humo, na asiye nacho atumie oveni kwenye joto la chini kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo. Kwa chokoleti ninaipa nafasi ya konpeito, yaani baada, ingawa haisafishi ulimi vizuri kama yenyewe. Ukitia maji ya ndimu kidogo mwishoni inakaribia.

Kinywaji? Matcha kwa aliye nayo. Asiye nayo, kahawa chungu ya dele, iliyotiwa tangawizi kidogo, na msiniletee maziwa.

Basi, nimemaliza maneno. Meza ya nyuma kuna trei mbili. Yenye kitambaa cheupe ina wasanbon: anza na peremende, iache iyeyuke, kisha chukua chokoleti. Yenye kitambaa cha buluu ni konpeito: chokoleti kwanza. Wenye watoto wadogo, konpeito msiwape, ni ngumu na inaweza kuwapalia. Wenye sukari, yaani wale wa sukari ya hospitali, chokoleti nayo ina yake, hivyo kila mtu na ushauri wa daktari wake; nimewawekea karanga upande wa dirishani. Na anayeona nimekosea kuhusu mpangilio wa kula, ajaribu kinyume changu mbele yangu, tubishane vizuri. Karibuni.